Mwanagenzi wa Umeme na Hati Yake

Katika Visiwa vyetu ufundi haukuanzia katika majengo ya serikali. Waunda majahazi na wachonga milango walijifunza ubavuni mwa wakubwa wao, na hawakukabidhiwa tezo siku ya kwanza. Ufundi wa umeme nao, kwa vijana wengi, umeifuata njia hiyo hiyo ya uanagenzi.

Mwanagenzi huanza kwa kubeba ngazi, kutoboa kuta na kuvuta nyaya ndani ya mabomba. Akitulia hufundishwa kuzima swichi kuu na kuthibitisha kwa testa kwamba waya umekufa. Na testa yenyewe aijaribu kwanza penye umeme, isije ikawa ndiyo iliyokufa. Volti 230 hazimsamehe mwenye haraka.

Lakini mtihani wa fundi wa Visiwani uko chini ya miguu yake. Ardhi ya uwanda, hasa mashariki ya Unguja, ni mawe ya matumbawe, makavu, yasiyopitisha umeme kwa wepesi. Fimbo ya ethi inayotosha katika bonde la mpunga huenda isifae kitu huko. Hewa ya chumvi nayo hula viungo vya nyaya. Fundi asiyepima anabahatisha, na anayebahatishiwa ni mtoto atakayegusa friji kwa mkono uliolowa.

Tukumbuke pia giza lililotufika Unguja mwaka 2008, takriban mwezi mzima, na lile la miezi mitatu hivi lililoanza Desemba 2009. Jenereta zilinguruma kila mtaa. Jenereta ikiunganishwa na nyumba pasipo swichi ya kubadilishia njia, umeme wake hurudi barabarani, hupanda kwenye transfoma na kumkuta juu ya nguzo mfanyakazi aliyeamini kuwa laini imezimwa. Kebo mpya ya mwaka 2013 imepunguza jenereta. Haikuyaondoa maungio mabaya yaliyokwisha fanywa.

Hapa ndipo penye lawama. Wako mafundi wanaomweka kijana miaka minne wakimfanya mchukuzi wa vifaa, wasimweleze kamwe kwa nini soketi hupewa waya mnene kuliko taa. Na ziko ofisi ambazo, kijana stadi akifika, humuuliza cheti tu, akikosa hufungiwa mlango. Wa kwanza amemnyima elimu, wa pili amemnyima haki.

Ndugu zetu wa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali wanaweza kuliondoa tatizo hili bila ya kujenga chuo kingine: mkataba wa maandishi baina ya fundi na mwanagenzi, daftari la kazi litiwalo saini, siku moja ya darasa kila wiki, kisha mtihani wa vitendo mbele ya mkaguzi, ambamo kipimo cha ethi hakikosekani. Ada ya mtihani huo isiwe mzigo wa kijana peke yake, aliyemtumikisha achangie.