Nyota ya Krismasi ya uani kwa taa 30 na betri moja ndogo

Desemba ikifika, mabasi ya kwenda Moshi na Bukoba yanajaa, kuku wananenepeshwa, na watoto wanataka uani kung'ae kama mjini. Wasikilizaji hutuuliza: je, mtu asiye na umeme wa gridi, au asiye na fedha za taa za dukani, anaweza kupamba nyumba yake? Anaweza. Leo tunaeleza namna ya kutengeneza nyota inayowaka kwa betri ya sola.

Kwa nini volti 12?

Umeme wa ukutani una volti 230 na unaua. Msimu huu bado kuna mvua sehemu nyingi. Waya uliochubuka ukigusa bati, au kamba ya chuma ya kuanikia nguo, anayeshika anaweza kupigwa shoti. Volti 12 za betri hazina hatari hiyo.

Mahitaji

- Fito tano zenye urefu sawa, za mianzi au mti mwepesi
- Taa ndogo nyeupe za LED 30, zile zenye miguu miwili
- Rezista 10 za omu 220. Fundi redio anazo
- Waya mwembamba wa rangi mbili, tepu ya umeme na fyuzi ya ampea 1
- Chupa 10 za maji za nusu lita
- Betri ya volti 12 iliyoandikwa 7Ah

Hatua kwa hatua

Kwanza, funga fito zako zipishane ziwe nyota. Utapata ncha tano nje na makutano matano ndani, jumla sehemu 10. Kila sehemu itabeba taa tatu.

Pili, unga taa tatu kwa mfuatano. Mguu mrefu wa LED ni chanya, mfupi ni hasi. Mguu mfupi wa taa ya kwanza uunge na mrefu wa ya pili, na mfupi wa ya pili na mrefu wa ya tatu. Mguu mrefu uliobaki uunge na rezista. Usiiache rezista: bila hiyo taa zitaungua.

Tatu, jaribu kila kikundi kwenye betri kabla ya kukifunga. Sisi tulipojaribu, kikundi kimoja kiligoma kuwaka. Kumbe taa moja ilikuwa imegeuzwa. Tuliigeuza, kikawaka.

Nne, ingiza kila kikundi ndani ya chupa, kisha ifunge mdomo ukitazama chini ili maji yasiingie. Ukiisugua chupa kwa mchanga kwanza, mwanga utatawanyika vizuri.

Tano, peleka rezista zote 10 kwenye waya mmoja wa chanya, na miguu mifupi iliyobaki kwenye waya mmoja wa hasi. Funga kila kiungo kwa tepu. Fyuzi ikae kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Nyaya zikigusana bila fyuzi, betri inaweza kuzichoma hadi moto ukawaka.

Itawaka kwa muda gani?

Nyota nzima hula kama ampea 0.2. Betri ya 7Ah isitumike zaidi ya nusu, yaani 3.5, kwa sababu betri za aina hii zikikaushwa hufa mapema. Gawanya 3.5 kwa 0.2: unapata saa 17 na kidogo. Ukiwasha saa tano kila usiku, utapata siku tatu bila kuchaji.

Kama betri hiyo ndiyo inayochaji simu na kuwasha taa ya ndani, punguza muda. Mapambo yasije yakafanya simu izime usiku ambao mgonjwa anahitaji kupelekwa hospitali.

Wenye umeme wa gridi

Usikate wala kuunga mwenyewe taa za ukutani. Usitoe nje taa zilizotengenezwa kwa matumizi ya ndani, na usiache ekstensheni kwenye majani yenye unyevu. Usifunge chochote kwenye nguzo za umeme.

Sikukuu ikipita, ifungue nyota, kausha chupa na uhifadhi taa mahali pakavu. Mwakani utahitaji fito mpya tu.