Idadi ya Ng'ombe na Wingi wa Maziwa katika Mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika: Kutoka Rumonge hadi Kabonga

Ikisiri

Mjadala kuhusu maendeleo ya ufugaji nchini Burundi huanza mara nyingi na idadi ya ng'ombe. Makala haya yanaeleza kwa nini kipimo hicho hakitoshi katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, hasa tangu sheria ya kufugia mifugo zizini ilipoanza kutekelezwa mwaka 2021. Yanafafanua uhusiano kati ya ukubwa wa kundi, mbegu ya ng'ombe, joto, maradhi, malisho na soko. Hoja kuu ni kwamba kupungua kwa makundi kunaweza kuandamana na ongezeko la maziwa, au na upungufu wake, na kinachoamua ni malisho ambayo kaya inaweza kumpatia ng'ombe aliyebaki.

1. Utangulizi

Katika utamaduni wa Warundi, ng'ombe ni zaidi ya mnyama wa maziwa. Salamu ya jadi "amashyo" humtakia mtu makundi ya ng'ombe, na kwa vizazi vingi heshima ya mwenye mji ilipimwa kwa wingi wa vichwa zizini. Mtazamo huo haujatoweka katika fikra za utawala. Ripoti nyingi za ufugaji hutaja kwanza idadi ya mifugo, kisha husoma ongezeko lake kuwa ni maendeleo.

Mifano ya Afrika Mashariki inaonya dhidi ya usomaji huo. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, lakini maziwa yake kwa mwaka ni machache kuliko ya Kenya, ambayo huzalisha takriban lita bilioni 5 na ina kundi dogo zaidi. Tofauti hiyo inatokana na mbegu, lishe, huduma za mifugo na soko. Suala linalochunguzwa hapa ni namna kanuni hiyo inavyofanya kazi katika ukanda mwembamba wa Imbo, kuanzia Rumonge, kupitia Nyanza-Lac, hadi Kabonga karibu na mpaka wa Tanzania.

2. Mwambao na historia ya makundi yake

Ziwa Tanganyika liko takriban meta 770 juu ya usawa wa bahari, na mwambao wake una joto kuliko sehemu nyingine za Burundi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ukanda huu ulikumbwa na ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung'o. Kwa sababu hiyo na nyinginezo, makao makuu ya ufugaji yalibaki katika nyanda za juu za Bututsi na Mugamba. Bonde la Imbo lilitumiwa zaidi wakati wa kiangazi, ambapo wachungaji walishusha makundi kutafuta majani na maji, kisha wakayapandisha mvua ziliporejea.

Mfumo huo ulibanwa kutoka pande kadhaa. Michikichi ilienea Rumonge hadi eneo hilo likawa kitovu cha mafuta ya mawese nchini. Vita vilivyoanza mwaka 1993 viliangamiza mifugo kwa wizi, uchinjaji na maradhi yaliyokosa tiba. Baada ya Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, wakimbizi walianza kurejea, wakiwemo waliokimbilia Tanzania mwaka 1972. Rumonge na Nyanza-Lac zikawa miongoni mwa maeneo yenye migogoro mingi ya ardhi. Shamba lililodaiwa na familia mbili halikuweza tena kuwa malisho ya mtu wa tatu.

Juhudi za kurejesha mifugo baada ya vita zilitumia kwa kiasi kikubwa mnyororo wa mshikamano: kaya hupewa ng'ombe jike, nayo humkabidhi jirani ndama jike wa kwanza. Utaratibu huo ulitumiwa katika miradi iliyofadhiliwa na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) pamoja na Benki ya Dunia. Matokeo yake hayaonekani vizuri katika wastani wa ukubwa wa kundi. Kaya ya ng'ombe mmoja hubaki na mmoja au wawili, huku idadi ya kaya zenye maziwa ikiongezeka.

3. Ugumu wa kusoma takwimu

Mtafiti anayetaka kulinganisha miaka hukutana na kikwazo cha mipaka ya utawala. Kabla ya mwaka 2015, tarafa ya Rumonge ilihesabiwa ndani ya Mkoa wa Bururi. Mwaka huo uliundwa Mkoa wa Rumonge. Katika mageuzi ya mwaka 2025, yaliyopunguza mikoa ya nchi hadi mitano, Rumonge na Nyanza-Lac ziliingizwa katika Mkoa wa Burunga pamoja na maeneo ya Bururi na Makamba. Kwa hiyo takwimu za mkoa huo huchanganya ng'ombe wa mwambao wenye joto na wale wa milima yenye baridi, ambako historia ya ufugaji, mbegu na mavuno ni tofauti kabisa.

Kikwazo cha pili ni majira. Palipokuwa na uhamaji wa kiangazi, sensa ya Julai na ile ya Desemba zingeweza kutoa picha mbili za eneo lilelile. Cha tatu ni kwamba neno "ng'ombe" katika jedwali hujumuisha madume, ndama, mitamba na majike yaliyokauka. Anayekamuliwa leo ni sehemu ndogo tu ya kundi.

4. Kutoka vichwa hadi lita

Maziwa ya kaya kwa mwaka hutegemea mambo manne: idadi ya majike, lita kwa siku, siku za kukamuliwa, na muda kati ya uzao mmoja na unaofuata. Mfano wa hesabu ufuatao si takwimu za tarafa yoyote. Umewekwa ili kuonyesha uzito wa kila jambo.

Chukua kaya yenye majike watano wa Ankole wanaochungwa. Kila mmoja akitoa lita 2 kwa siku baada ya ndama kunyonya, kwa siku 180, atakuwa na lita 360 kwa uzao. Akizaa kila baada ya miezi 20, wastani wake kwa mwaka ni lita 216, na kundi zima hutoa lita 1,080. Chukua sasa kaya yenye chotara mmoja anayelishwa vizuri: lita 6 kwa siku 270 ni lita 1,620 kwa uzao. Akizaa kila baada ya miezi 15, wastani ni lita 1,296 kwa mwaka. Ng'ombe mmoja amewazidi watano.

Lakini chotara huyohuyo akikosa lishe, mambo hugeuka. Akishuka hadi lita 3 kwa siku 200, na uzao ukachelewa hadi miezi 20, atatoa lita 360 tu kwa mwaka, yaani theluthi moja ya kundi la Ankole lililoondolewa. Kaya hiyo itakuwa imepoteza maziwa, akiba iliyokuwa katika vichwa vinne, na sehemu kubwa ya samadi ya shamba.

5. Sheria ya zizini na hesabu ya ardhi

Sheria ya tarehe 4 Oktoba 2018 iliagiza mifugo yote ifugiwe zizini na ikapiga marufuku kuiacha izurure. Wafugaji walipewa miaka mitatu ya kujiandaa, na utekelezaji ukaanza Oktoba 2021. Shabaha yake inaeleweka katika nchi yenye msongamano mkubwa wa watu: kulinda mazao, kuzuia mmomonyoko, kukusanya samadi na kupunguza ugomvi kati ya wakulima na wachungaji.

Athari yake kwa ukubwa wa kundi hukadirika kwa hesabu rahisi. Ng'ombe huhitaji majani mabichi yenye uzito wa takriban asilimia 10 ya uzito wake kila siku. Mwenye kilo 400 atakula kilo 40 kwa siku, au tani 14.6 kwa mwaka. Iwapo shamba la majani ya tembo linatoa tani 60 kwa hekta kwa mwaka, ng'ombe huyo anahitaji karibu robo hekta, kabla ya kumhesabu ndama wake. Shamba la kaya nyingi za Burundi ni takriban nusu hekta. Kwa maneno mengine, ng'ombe mmoja hudai nusu ya ardhi inayotarajiwa pia kutoa mihogo, maharagwe na ndizi. Majike watano wa Ankole wa kilo 300 wangehitaji zaidi ya tisa ya kumi ya hekta.

Hivyo kupungua kwa makundi baada ya mwaka 2021 ni matokeo ya moja kwa moja ya sheria. Hakuwezi kusomwa peke yake kuwa ni kushindwa kwa ufugaji, wala kuwa ni ushahidi wa ufugaji wa kisasa. Maji nayo yana uzito wake: jike anayekamuliwa katika joto huhitaji lita 50 hadi 80 kwa siku. Anayechungwa hujipeleka mtoni, ilhali wa zizini hupelekewa, na aghalabu wabebaji ni wanawake na watoto. Gharama hiyo ya kazi haimo katika jedwali lolote.

6. Mbegu, joto na kupe

Ng'ombe wa Friesian hustawi penye baridi. Fahirisi inayounganisha joto na unyevu huonyesha kwamba huanza kutaabika inapofika takriban 72. Siku yenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 70, hali ya kawaida kando ya ziwa, fahirisi hiyo hufikia 78. Ng'ombe hula kidogo, huhema, maziwa hupungua na mimba huchelewa kushika. Kwa sababu hiyo, mbegu inayofaa katika milima ya Mugamba haifai kuhamishiwa Kabonga bila tahadhari.

Burundi ina uzoefu wa njia nyingine. Katika kituo cha Mahwa, Ankole walizalishwa na Sahiwal, ng'ombe wa maziwa mwenye asili ya Bara Hindi anayestahimili joto na kupe. Kwa mwambao, chotara mwenye damu ya kiasi ya kigeni ana nafasi nzuri zaidi ya kudumu kuliko anayekaribia Friesian halisi.

Maradhi huongeza hoja hiyo. Ndigana kali, inayoenezwa na kupe, huua ndama na ng'ombe wa kigeni kwa urahisi kuliko wale wa asili waliozoea. Chanjo yake, iliyotokana na utafiti wa Muguga nchini Kenya, ipo, ila huhitaji kuhifadhiwa katika baridi kali na kutolewa na mtaalamu pamoja na dawa. Mlipuko wa Homa ya Bonde la Ufa wa mwaka 2022 uliua mamia ya ng'ombe nchini na kuilazimu serikali kuzuia uhamishaji wa mifugo. Kwa kaya yenye ng'ombe mmoja, kifo kimoja ni hasara ya asilimia 100. Kundi dogo huongeza tija na hatari kwa pamoja.

7. Lishe ya ziwani na soko

Mwambao una hazina ambayo milima haina. Ukamuaji wa mafuta ya mbegu za mawese huacha mashudu yenye protini ya takriban asilimia 14 hadi 18, kiasi kinachozidi kwa mbali kile cha majani makavu ya kiangazi. Mashamba ya mpunga ya Imbo hutoa pumba na mabua, na majani yanayoota chini ya michikichi yanaweza kukatwa na kupelekwa zizini. Kwa kutumia mabaki hayo, robo hekta iliyotajwa hapo juu inaweza kupungua. Huu ndio mwanya mkubwa zaidi wa kuongeza maziwa bila kuongeza vichwa wala ardhi.

Soko ndilo huamua kama mfugaji atanunua mashudu hayo. Barabara ya Taifa namba 3 inaunganisha Bujumbura, Rumonge na Nyanza-Lac, lakini maziwa mabichi huharibika upesi katika joto la ziwani. Penye uhaba wa umeme, na katika miaka hii ya uhaba mkubwa wa mafuta ya gari, maziwa ya jioni hubaki kijijini. Mfugaji asiye na mnunuzi wa lita ya sita hana sababu ya kugharimia lishe itakayoizalisha.

8. Hitimisho

Katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, idadi ya ng'ombe imekuwa kipimo dhaifu cha maziwa. Sheria ya zizini imeelekeza makundi yapungue, na hesabu ya ardhi inaonyesha kuwa haiwezekani kuwa vinginevyo. Kinachobaki wazi kwa watunga sera ni kama ng'ombe aliyebaki atakuwa yule wa lita 1,296 au yule wa lita 360.

Mapendekezo manne yanatokana na uchambuzi huu. Kwanza, takwimu zikusanywe kwa tarafa na kwa ukanda wa mwinuko, zikionyesha majike wanaokamuliwa, lita kwa siku na muda kati ya uzao. Pili, mipango ya uhimilishaji itenganishe mbegu za mwambao na za milima. Tatu, ugawaji wa ng'ombe usitangulie upandaji wa malisho, bali kaya ithibitishe kwanza majani, maji na njia ya kupata mashudu. Nne, mnyororo wa mshikamano uambatane na chanjo ya ndigana na utaratibu wa kumfidia anayepoteza ng'ombe wake pekee. Bila hatua hizo, kaya iliyotii sheria na kuuza kundi lake itakuwa imelipa gharama ya mageuzi pasipo kuyaona maziwa yake.