Ukuta wa kiwanda unamtaka mpangaji

Kiwanda cha nguo cha Utexafrica, Kinshasa, kilizima mitambo mwaka 2007, vitenge vya bei nafuu kutoka Asia vikiwa vimejaa sokoni. Texaf, kampuni mama yenye hisa katika soko la Brussels, ilikibakiza kiwanja, ikapangisha nyumba na ofisi. Leo sehemu ya majengo hayo ya zamani ni Silikin Village, makao ya kampuni changa za teknolojia. Kilichoziokoa kuta hizo ni kodi ya pango.

Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, hesabu hiyo inagoma. Kampuni ya SOMINKI, iliyoundwa 1976, ilichimba bati huko hadi bei ilipoporomoka Oktoba 1985. Mwaka 1997 mali zake zikaenda kwa SAKIMA, ambayo baadaye ikawa ya serikali. Bisie, mgodi mkubwa wa bati wa Walikale, haukurithi jengo lolote: wachimbaji waliingia msituni 2002 na kujenga kwa miti na maturubai, na kampuni ya Alphamin ilipoanza uzalishaji wa kibiashara 2019 ilikuwa imejenga upya kila kitu. Mwaka 2024 mgodi huo ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Utajiri upo, ila ofisi za kupangishwa zinatafutwa mijini.

Ufundi wa kubakiza ukuta wa zamani unajulikana. Fremu za chuma huushikilia ukuta wa mbele, nyuma panabomolewa, kisha jengo jipya linainuliwa na kufungwa nao. Pa kuangalia ni kwenye viungo vya matofali. Fundi akiziba kwa saruji badala ya chokaa, maji hunaswa ndani ya tofali laini la zamani na uso wake hubanduka vipande vipande. Kwa mvua za Masisi, kosa hilo halichelewi kuonekana.

Sheria ya kulinda mali za utamaduni ipo tangu 1971, lakini haimlipi fundi. Kwangu mimi, mpangaji wa kwanza wa majengo ya zamani ya SOMINKI angekuwa serikali yenyewe: SAEMAPE, inayosimamia wachimbaji wadogo, inahitaji ofisi karibu na machimbo, na SAKIMA ni shirika la serikali vilevile. Mkataba wa miaka kumi ungetosha kupelekwa benki kama dhamana. Ila Rubaya, mji wa machimbo wa Masisi, ilitekwa na waasi wa M23 Aprili 2024, na benki za Goma zikafunga milango Januari 2025.