Vitabu vya Wazee Wetu Vitapatikanaje?

Mali isiyojulikana ilipo haina tofauti na mali iliyopotea. Ndiyo hali ya miswada mingi ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu huko Pate, Lamu na Mombasa. Sehemu yake imehifadhiwa London, Hamburg na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini kijana anayeitafuta huenda akarudi mikono mitupu.

Sababu moja kubwa ni majina. Tutazame utenzi alioutunga Bwana Mwengo wa Athumani wa Pate katika karne ya 18. Wako wauitao Utendi wa Tambuka, na wako wauitao Chuo cha Herekali. Mtungaji naye, huku ni Mwengo wa Athumani, kule ni Mwengo bin Athman. Orodha moja ikishika jina hili na nyingine jina lile, msomaji hupata nusu, wala hajui kwamba nusu ya pili ipo.

Dawa yake imekwisha patikana. Mwaka 2006, Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni Wavuti, alieleza kanuni nne za kuunganisha taarifa. Kila mtu, kila kitabu na kila mji hupewa anwani yake katika intaneti. Kisha habari huandikwa kwa maneno machache: mtu huyu alitunga kitabu hiki, kitabu hiki kimo maktaba ile. Majina yote hukusanywa chini ya anwani hiyo, hata atafutaye Avicenna hufikishwa kwa Ibn Sina. Maktaba ya Congress ya Marekani ilianza kutoa orodha yake ya mada kwa njia hii mwaka 2009.

Kwa hakika jambo hili si geni kwa Waislamu. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1071, alitunga kitabu kizima cha kupambanua wapokezi wa Hadithi waliofanana majina. Maulamaa walimjua kila mmoja kwa kunia yake, nasaba yake na mji wake, ili neno la mkweli lisichanganywe na la mwongo.

Hatari ni ile ile leo. Watu wawili wakiunganishwa kwa makosa, kosa hilo huenea kila maktaba inayoitegemea anwani hiyo. Kwa hiyo chombo peke yake hakitoshi. Yatakiwa macho yajuayo kuisoma hati yenyewe.

Basi, enyi vijana, jifunzeni kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Nanyi wazazi wenye vitabu vya mababu sandukuni, andikeni katika karatasi ya pembeni jina kamili la mwenye kitabu, la baba yake na babu yake, mji wake na mwaka mkiujua. Siku nakala yake itakapoingia maktaba, maneno hayo machache ndiyo yatakayomrudisha kwa wajukuu zake.