Kusahau Baada ya Kemo

Mtu akimaliza kemo akarudi nyumbani hapa Soin, majirani wanaokuja kumjulia hali humuuliza kama chakula kinapita na kama nguvu zimerudi. Wana sababu. Saratani ya umio imetuumiza sana Kericho na Bomet. Mwaka 2002 Daktari Russell White wa Hospitali ya Tenwek na wenzake waliandika katika jarida la Lancet jinsi inavyowapata hata vijana wa Bomet. Habari ya kichwa haiulizwi. Majina yanampotea, hesabu ya kilo za majani chai inamchanganya, na watu wa nyumbani wanasema uzee umeingia, hata kama hajafika miaka 50.

Mara nyingi dawa yenyewe imechangia. Fluorourasili, inayotumiwa sana pamoja na sisplatini kutibu saratani hii, hupenya hadi kwenye ubongo. Mwaka 2008 Mark Noble na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, walionyesha kwa panya kwamba inaharibu seli zinazotengeneza mielini, utando wa mafuta unaofunika nyuzi za neva kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Uharibifu uliendelea hata baada ya dawa kusimamishwa. Utando ukichakaa, ujumbe hupita polepole. Umri nao hupunguza uwezo wa ubongo kuutengeneza upya, kwa hiyo mzee huumia zaidi.

Kinachonipa moyo ni kwamba uwezo huo unaweza kuamshwa. Mwaka 2018 kundi la Michelle Monje wa Stanford liligundua kwamba dawa nyingine ya kemo, methotreksati, huchokoza maikroglia, seli za ulinzi wa ubongo, nazo huzuia ukarabati. Walipoziondoa, panya walijenga mielini tena na kumbukumbu ikarudi. Miaka mitatu kabla, kundi la Charles Limoli huko California lilipandikiza seli shina za neva za binadamu kwenye ubongo wa panya waliopewa kemo, nao wakapata nafuu.

Hao ni panya. Anayekuuzia leo sindano ya seli shina ili usisahau anachukua pesa zako bure.

Mweleze daktari wako wazi, kwani upungufu wa damu, kukosa usingizi na huzuni nzito pia huleta kusahau, na vyote vinatibika. Tembea kila siku kadiri unavyoweza. Kusahau kukija ghafla pamoja na kuumwa kichwa sana au udhaifu wa upande mmoja, usingoje siku ya kliniki.