Mtu analiaje kwa kuku?

Juma lililopita katika kipindi hiki tulirusha hewani kipande kimoja cha Johann Sebastian Bach, Crucifixus, kutoka katika Misa yake ya B maina. Nikasema ni wimbo wa maombolezo, nikawaachia muziki. Kesho yake nikaletewa ujumbe wa mzee mmoja ambaye hakunificha kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, asema, kwa heshima tu. Alichosikia ni filimbi zikidonoa hapa, fidla zikidonoa pale, mithili ya kuku wanaookota punje uani, na juu yao watu wakipokezana neno moja la Kilatini. Wimbo wenyewe hakuuona. Akamalizia: "Umesema watu hulia kwa muziki huu. Mtu analiaje kwa kuku?"

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka, maana alichosikia ni kweli tupu. Filimbi na fidla katika kipande kile hudonoa hasa. Nikatafuta namba yake, nikampigia, nikamwamkia, nikamwuliza swali moja: "Mzee wangu, ulisikilizia wapi?"

Akajibu, "Kwenye simu, mwanangu. Niliitia ndani ya kikombe ili isikike vizuri."

Basi hapo ndipo palipo na kisa chote. Spika ya simu ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Sauti za juu huzitoa bila taabu, lakini sauti nzito zataka hewa nyingi isukumwe, na kitu kidogo namna ile hakina nguvu hizo. Kikombe huongeza kelele, hakiongezi besi. Mzee alisikia kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kikilia.

Muziki tunaouita wa baroko ni ule uliotungwa Ulaya tangu karibu mwaka 1600 hadi 1750 hivi. Jina lenyewe, wengi husema, limetoka kwa Wareno, ambao waliita barroco lulu isiyokuwa mviringo sawasawa, na mwanzoni lilikuwa neno la kejeli. Monteverdi, Purcell, Vivaldi, Handel, Bach: watu hawa walitofautiana sana, lakini wote walijenga nyumba zao kwa kuanza na msingi. Mtunzi aliandika mstari wa besi, na penye noti zake akatia tarakimu, 6 hapa, 7 pale. Mpiga kinanda akizisoma tarakimu hizo alijua papo hapo sauti za kujaza katikati, na namna ya kuzijaza aliachiwa mwenyewe. Chelo au chombo kingine kizito kilipiga mstari ule ule pamoja naye. Kazi hiyo iliendelea tangu mwanzo wa kipande hadi mwisho, ndiyo maana Waitalia waliiita basso continuo, yaani besi isiyokatika. Kinanda chao cha harpsikodi hakigongi nyuzi kwa vinyundo kama piano. Huzichopoa, kama afanyavyo mpiga ganuni katika taarabu, ila kwa vichokoo vya unyoya wa ndege. Ukishajua hilo hutashangaa kwa nini sauti yake husikika kama changarawe inayomwagwa juu ya bati.

Mimi jambo hili la besi sikulijua kwanza kwa kusoma. Miaka mingi niliimba besi katika kwaya ya kanisa, na sauti yangu niliionea haya. Soprano ndio wenye tuni. Watu wakirudi nyumbani huimba ya soprano. Tena nao wana mbwembwe zao. Sisi wa besi tulikuwa na do, so, do, fa, so, do, kama walinzi wanaozunguka ghala. Kisha baba yangu akafariki. Kwaya ilikuja kumwimbia makaburini, nami kwa kuwa ni mfiwa nilikaa upande wa wafiwa. Siku hiyo besi alikuwapo mmoja tu, naye ana mafua. Ukaanza wimbo niliouimba labda mara mia, na sikuutambua. Maneno yale yale, tuni ile ile, lakini ulikuwa ukipepea kama turubai lililong'oka vigingi. Nikajikuta naimba besi peke yangu, chini chini, nimefumba macho. Shangazi yangu akanishika mkono akidhani nalia, na kweli nilikuwa nalia.

Hebu sasa tufanye zoezi. Ninyi mliopita katika kwaya na nota za do-re-mi, imbeni polepole: la, so, fa, mi. Rudieni. Rudieni tena, msiharakishe. Mnasikia jinsi inavyoteremka na kukuacha mlangoni, haijafika nyumbani, mpaka uanze upya? Noti hizo nne zinazoshuka ndizo watunzi wa karne ya 17 walizozifanya alama ya kilio. Aliyezisikia alijua mara moja kuna nini, kama sisi tunavyojua tukiona majani ya mnazi yamefungwa njiani kwamba kuna shughuli.

Claudio Monteverdi, aliyekuwa mkuu wa muziki katika kanisa la San Marco mjini Venice tangu 1613 hadi alipofariki 1643, alichapisha mwaka 1638 kilio cha binti aliyeachwa na mpenzi wake. Besi husema la, so, fa, mi zaidi ya mara 30 na wala haigeuki. Juu yake binti analalama, na wanaume watatu kando wanamhurumia. Monteverdi aliagiza kwamba wanaume waimbe kwa kufuata mkono unaopiga mapigo, lakini binti aimbe kwa kufuata hali ya moyo wake. Kwa hiyo binti mara huchelewa, mara huwahi, na besi haimngojei. Aliyewahi kufiwa anaijua hali hiyo: wewe umesimama, na daladala zinapita kama jana.

Baadaye watunzi wakaongeza uchungu kwa kuzigawa ngazi zenyewe. Badala ya kushuka hatua nzima wakashuka nusu nusu: la, se, so, fe, fa, mi. Jaribuni. Koo lenyewe linasita, maana kila noti ni kama haikutaka kuiacha ile iliyotangulia.

Henry Purcell wa London, ambaye alifariki mwaka 1695 akiwa na miaka 36 tu, aliitumia njia hiyo katika opera yake ya Dido and Aeneas, ambayo kufikia mwaka 1689 ilikuwa imekwisha kuchezwa katika shule moja ya wasichana huko Chelsea. Dido ni malkia wa Carthage, mji uliokuwa pwani ya kaskazini ya Afrika, katika nchi ya Tunisia ya leo. Mgeni aliyempenda anatweka matanga, anaondoka, na Dido anajiandaa kufa. Sikilizeni anavyofanya Purcell. Kwanza anapiga besi peke yake, mara moja, ili uijue. Inashuka nusu nusu, kisha inafunga. Urefu wake ni vipimo vitano, si vinne ambavyo sikio limevizoea, kwa hiyo tangu mwanzo kuna kitu kimezidi. Halafu malkia anaingia. Besi inafunga yeye bado anaendelea. Yeye anapumzika besi ina safari yake. Anaomba akumbukwe, lakini yaliyompata yasahauliwe, na ombi lile la kukumbukwa analianza kwa kurudia noti moja tu, kama mtu aliyeishiwa hata tuni. Besi huzunguka mara 11. Dido ananyamaza kabla haijamaliza mizunguko yake, na fidla zinaichukua ile kushuka nusu nusu aliyoiacha.

Sasa turudi kwa kuku wa mzee.

Besi ya Crucifixus ni zile zile noti sita: la, se, so, fe, fa, mi. Bach aliitunga mwaka 1714 mjini Weimar akiwa na miaka 29, kwa kantata ya Kijerumani ambayo maneno yake huanza kwa kutaja kulia, kulalama, wasiwasi na hofu. Zaidi ya miaka 30 baadaye, mwaka 1748 na 1749, akiwa mzee mjini Leipzig na akikusanya Misa yake kubwa, alirudi kwenye daftari la ujanani, akauchukua wimbo ule na kuutia maneno ya Kilatini ya kanuni ya imani: alisulubiwa kwa ajili yetu, akateswa, akazikwa. Kuna watu humlaumu kwa kutumia kazi ya zamani. Mimi siwaungi mkono. Mtunzi ambaye hapo katikati alikwisha kuzika mke na watoto kadhaa alijua anachokitafuta katika daftari lile.

Besi hugonga kila noti mara kadhaa kabla ya kuteremka nusu hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani na kupapasa kwa mguu. Filimbi na fidla hudonoa juu yake kwa zamu, na donoo zile ukizisikia pamoja na besi si kuku tena, ni kwikwi. Sauti zinaingia moja moja, soprano, alto, tena, besi, kila mmoja na neno lile lile. Katika muziki wa namna hii msingoje kiitikio kama cha nyimbo zetu za dansi. Kipande kimoja hushika hisia moja, kikaizunguka pande zote. Besi inapita mara 13. Mkiweza, hesabuni kwa vidole.

Mara ya 13 ndiyo Bach aliyoigeuza kwa ajili ya Misa. Vyombo vya juu vinanyamaza. Zinabaki sauti za watu na besi chini yao, zinaimba habari za kuzikwa, zinazama mpaka mahali ambapo soprano hazijafika kipande kizima. Na besi ile, ambayo imeteremka njia moja mara 12, inakunja kona. Badala ya kufunga katika maina inafunga katika meja, polepole, bila kutangaza. Kisha kimya. Msizime hapo, tafadhali, kama nilivyofanya mimi juma lililopita kwa kubanwa na muda. Kinachofuata ni tarumbeta tatu, ngoma na kwaya nzima kwa mpigo mmoja, bila utangulizi: amefufuka.

Niongeze neno kuhusu vyombo bila waimbaji, maana kuna walioniuliza. Daftari la Bach la mwaka 1720 lina muziki wa fidla moja tu, haina hata kinanda cha kuifuata. Ndani yake mna Chaconne, kipande cha karibu robo saa, kilichojengwa juu ya besi fupi inayoshuka. Lakini fidla haina besi! Basi mpigaji huigusa katika nyuzi za chini, huiacha, hukimbilia juu, na ninyi ndio mnaoibeba akilini mpaka arudi. Katikati giza linafunguka, muziki unaingia meja, kisha unarudi ulikotoka. Mke wa kwanza wa Bach, Maria Barbara, alifariki mwaka huo huo Bach akiwa safarini na mkuu wake, aliporudi akakuta amekwisha kuzikwa. Wako wanaosema Chaconne ni kaburi lake. Ushahidi wa hilo hakuna, nami nisingependa mwusikilize kwa sababu hiyo. Mwusikilize kwa sababu ya ile besi isiyokuwapo.

Kuhusu namna ya kusikiliza, sina mengi. Vaeni vya masikioni, au tafuteni redio yenye spika pana. Mzunguko wa kwanza msifuate maneno wala tuni. Shikeni besi peke yake. Mzunguko wa pili tazameni waimbaji wanakutana nayo wapi na wanaachana nayo wapi. Binafsi napendelea rekodi za kwaya ndogo, kwani kwaya ya watu mia mbili huifunika besi kama simu ndani ya kikombe.

Yule mzee aliazima vya masikioni vya mjukuu wake. Juzi alipiga simu mwenyewe. Sauti yake ilikuwa nzito, na hakutaja kuku.

"Nimeisikia," akasema. "Inashuka kweli. Lakini umetudanganya, mwanangu. Nimehesabu mara mbili, ni kumi na mbili."

Nikamwambia, "Mzee wangu, hesabu na ile iliyokata kona."

Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nisikate simu, aisikilize tena kwanza.