Mdoli wa Sentimita 33, Mnyama wa Mita 13

Kupiga picha midoli ya dinosaria nje, kwenye mchanga, mawe na mizizi ya miti, ni sanaa yenye wapenzi wengi duniani, na wapenzi hao hurithishana mafundisho ambayo ni wachache waliowahi kuyapima. Mengine ni kweli. Mengi yanaharibu picha. Nayapima hapa kwa mnyama tunayemfahamu: Giraffatitan, yule ambaye Watanzania humwita mjusi wa Tendaguru. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, na kiunzi chake kikasimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937. Kimo chake ni mita 13.27. Ukimfinyanga kwa kipimo cha moja kwa arobaini, kipimo kilichoenezwa na midoli ya Carnegie Collection ya kampuni ya Safari kuanzia 1988 hadi 2015, unapata mdoli wa sentimita 33. Kazi yote ya mpiga picha ni kumfanya mtazamaji azione zile mita 13 na asizione kabisa zile sentimita 33.

“Bila kamera ya bei kubwa hupati kitu.” Si kweli. Kwa kazi hii simu ina faida ambayo kamera kubwa haina. Kitambuzi cha mwanga ndani ya simu ni kidogo na lenzi yake ni fupi, kwa hiyo sehemu kubwa ya picha hutoka kali kwa pamoja, hasa ukitumia ile lenzi pana iliyoandikwa 0.5. Umbo la simu nalo linasaidia. Ukiigeuza juu chini, lenzi inakaa sentimita mbili tatu tu kutoka ardhini, mahali ambapo kamera kubwa haifiki mpaka uichimbie shimo.

“Kamera ishuke hadi usawa wa macho ya mdoli.” Nusu kweli, na ile nusu isiyo kweli ndiyo inayoharibu picha nyingi nzuri. Ushauri huu ulitoka kwa wanaopiga picha wanyama hai. Kwa simba au swala unafaa, maana macho yao hayapishani sana na ya mtu aliyechuchumaa. Lakini macho ya Giraffatitan yalikuwa juu, karibu usawa wa ghorofa ya nne. Ukiweka lenzi usawa wa macho ya mdoli wake, umempiga picha kana kwamba ulikuwa ukielea mita 12 hewani, na mtazamaji, hata kama hajui kwa nini, atahisi kwamba mnyama ni mdogo.

Usawa wa kutafuta ni wa macho ya mtu aliyesimama karibu na mnyama. Macho ya mtu mzima yako kama mita 1.6 kutoka ardhini. Gawanya kwa 40, unapata sentimita 4. Hapo ndipo lenzi inapopaswa kukaa. Ukiwa hapo, miguu ya mbele inapanda kama nguzo, tumbo linakuwa dari, na shingo inapotelea angani. Hutahitaji ujanja mwingine wowote kumshawishi mtu. Kwa Kentrosaurus, yule wa miiba mgongoni aliyetoka Tendaguru hiyohiyo, mambo yanageuka: alikuwa na urefu wa kama mita nne na nusu na kichwa alikibeba chini, kwa hiyo kwake usawa wa macho ya mtu na usawa wa macho ya mnyama karibu vinakutana. Kwanza ujue kimo cha mnyama wako, ndipo uinamishe kamera.

“Ukungu wa nyuma hupendezesha picha.” Kwa picha ya bibi harusi, sawa. Kwa dinosaria si kweli hata kidogo. Macho yetu yamezoea kwamba ukungu mzito mbele na nyuma ya kitu hutokea lenzi inapokuwa karibu sana na kitu kidogo, kama vile mdudu au pete. Mtu aliyesimama mita 16 mbele ya mnyama mwenye urefu wa mita 22 kutoka pua hadi mkia angempata mnyama mzima akiwa mkali, na miti ya nyuma ikiwa mikali vilevile. Kwa hiyo ile hali ya simu inayotia ukungu wa kuigiza nyuma ya mtu izime kabisa.

Mwenye kamera kubwa afunge tundu la lenzi. Kwa lenzi ya milimita 28 kwenye kitambuzi kikubwa, tundu likiwa f/16 na ukilenga umbali wa kama mita 1.6, ukali huanzia sentimita 80 hivi na kuendelea mpaka upeo wa macho. Mdoli ukiwa karibu zaidi ya hapo, piga picha kadhaa bila kuitikisa kamera, kila moja ikilenga umbali tofauti, kisha uziunganishe kwenye kompyuta. Njia nyingine ni kurudi nyuma, kupiga, halafu kuikata picha. Unapoteza kiasi cha ubora, lakini ukungu unapungua.

“Lazima upate mandhari ndogo inayolingana na mdoli.” Si kweli, na hapa pana hesabu ninayoipenda kuliko zote. Mdoli wa moja kwa arobaini ukiwa sentimita 40 kutoka kwenye lenzi, unaonekana kwa ukubwa uleule ambao mnyama halisi angeonekana akiwa mita 16. Basi kila kitu halisi kilichoko mita 16 nyuma, mti, jabali, au rafiki yako aliyesimama wima, kinalingana na mdoli moja kwa moja. Weka mdoli juu ya ubao, funika ubao kwa udongo wa mahali hapohapo, inamisha kamera mpaka ukingo wa ubao ukutane na ardhi ya mbali, na msitu wa kweli unakuwa msitu wa mnyama wako. Watengenezaji wa filamu walitumia ujanja huu miaka mingi kabla ya kompyuta.

Kinachobaki kuchaguliwa kwa uangalifu ni kile kilicho karibu na miguu ya mdoli. Punje ya mchanga ya milimita 1 ni jiwe la sentimita 4. Jani la mwembe la sentimita 20 ni turubai la mita 8. Chekecha mchanga kwa chujio la chai, na uondoe kila jani linalotambulika.

“Majani yoyote ya kijani yanafaa.” Si kweli, na hapa naomba uvumilivu, kwa sababu jambo hili linapuuzwa hata na watu wenye midoli ya thamani. Wanyama wa Tendaguru waliishi miaka milioni 150 iliyopita. Mabaki ya kale zaidi ya mimea yenye maua ambayo wataalamu wanakubaliana juu yake ni ya miaka kama milioni 130 hivi. Maana yake, mnazi, mkoko, mwembe, mgomba na uwanda wa nyasi havina nafasi katika picha ya Giraffatitan. Nyasi zilichelewa sana. Nchini India yamepatikana mabaki ya nyasi katika kinyesi cha dinosaria kilichogeuka jiwe, ugunduzi uliotangazwa mwaka 2005, lakini hao ni wa mwisho kabisa wa enzi zao, zaidi ya miaka milioni 80 baada ya Tendaguru. Mwenye mdoli wa Isisaurus wa India anaweza kumwekea nyasi kidogo. Wa Lindi hapana.

Kilichokuwapo ni miti ya koni, kangaga, na saikadi pamoja na jamaa zake. Vyote hivyo tunavyo. Ncha changa za araukaria zilizopandwa kwenye bustani za mijini, zikichomekwa ardhini, zinasimama kama miti mizima. Kangaga changa zinazoota kwenye kuta zenye unyevu zina ukubwa mzuri kabisa, pamoja na ule utando wa kijani unaofunika mawe ya mtoni. Mtapo, saikadi ya pwani ya Kenya na Tanzania, una makuti marefu mno kuwekwa karibu na mdoli, ila mita 16 nyuma hauna mpinzani.

Na mvinje? Watu wengi wa pwani huudhania kuwa ndugu wa msindano, kwa vile majani yake yanafanana na sindano na mbegu zake zinakaa kwenye kitu kama koni ndogo. Ni mti wa maua kama mwembe. Hata hivyo mimi naukubali ukiwa mbali, kama kivuli cha msitu kwenye upeo, kwa sababu umbo lake halimdanganyi mtazamaji kuhusu enzi ile. Ukiwa mbele, siukubali.

“Maji huongeza uhai wa picha.” Inategemea maji yenyewe. Maji yaliyotulia, ndiyo: dimbwi lililobaki baada ya mvua huakisi anga na haliwezi kusema ukubwa wake. Maji yanayotembea yanasema. Tone haliwezi kupunguzwa. Mvutano wa uso wa maji hulipa ukubwa wake, na tone la milimita 3 kando ya mguu wa mdoli litasomeka kama tone la sentimita 12, jambo ambalo dunia haijaliona. Viwimbi vidogo vya ufukweni vina ila hiyohiyo. Waliopiga filamu za mifano midogo majini waliharakisha kamera ili maji yaonekane kwenda polepole: kwa kipimo cha moja kwa arobaini mwendo hupunguzwa zaidi ya mara sita. Picha ya mgando haina nafuu hiyo, kwa hiyo ningekaa mbali na mawimbi.

“Jua likiwa kali picha inatoka safi.” Si kweli. Jua la saa sita mchana humetameta juu ya plastiki, na mng'ao huo ndio unaomfichua mdoli kabla ya kitu kingine chochote. Zaidi ya hayo, midoli mingi ni ya PVC, ambayo hulainika kwenye joto, na miguu ya mnyama mzito hupinda. (Ikishapinda, ichovye kwenye maji ya moto, inyooshe, kisha itie kwenye maji baridi.) Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima, kwa hiyo mwanga wa chini hudumu kama saa moja tu asubuhi na saa moja jioni. Uwahi. Ila jua hilo la kulala hutoa kivuli cha kila punje ya mchanga, na mchanga mkubwa utakusaliti. Siku ya mawingu mepesi ni bora kuliko zote. Mng'ao uliobaki uondoe kwa vumbi laini lililopakwa kwa brashi kavu.

“Ni mchezo wa watoto.” Charles R. Knight, mchoraji wa Marekani aliyewafundisha watu wa karne iliyopita kuwaona dinosaria, alifinyanga mifano midogo na kuitazama juani ili ajue vivuli vinaangukaje. Filamu ya *The Lost World* ya 1925 ilitengenezwa kwa mifano iliyosogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera. Watoto wakaribie kabisa, lakini wajue wameingia kwenye kazi ya watu wazima.

“T. rex na Kentrosaurus wanapendeza pamoja.” Kati yao kuna miaka milioni 80 na bahari. T. rex yuko karibu zaidi na sisi kuliko na Kentrosaurus.

“Brachiosaurus ni mnyama wa Marekani, Afrika tunaazima tu.” Si kweli, na uongo huu unanichoma. Ni kweli kwamba jina Brachiosaurus lilitolewa mwaka 1903 kwa mifupa ya Colorado. Lakini mifupa hiyo ilikuwa pungufu, na umbo lililoingia kwenye vitabu na viwanda vya midoli, fuvu lenye upinde juu ya pua na shingo iliyosimama, kwa sehemu kubwa ni la mnyama wa Lindi. Midoli mingi inayouzwa kwa jina la Brachiosaurus ni Giraffatitan. Unapochagua, tazama miguu na mkia: mifano ya zamani huburuta mkia na kupanua viwiko vya mbele, kama kiunzi cha Berlin kilivyokuwa kabla hakijasimamishwa upya mwaka 2007.

Na mahali pa kumpigia picha ni hapahapa. Tendaguru ya wakati ule ilikuwa pwani yenye vidimbwi na tambarare za matope zilizofunikwa na bahari na kuachwa wazi, na nyuma yake msitu wa miti ya koni. Maji yakipwa Lindi, Kilwa au Bagamoyo, tambarare ya namna hiyo inakungoja kila siku, na matuta ya mchanga ya sentimita 5 yanakuwa matuta ya mita 2. Fika na mdoli, chujio, ubao na simu. Ondoka navyo vyote. Kisha kwenye maelezo ya picha andika jina halisi, Giraffatitan, na mahali mifupa yake ilipotoka. Ukipata nafasi ya mstari mmoja zaidi, mtaje Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji wa Tendaguru, aliyeongoza mamia ya watu waliochimba mifupa hiyo na kuipeleka bandarini Lindi kwa miguu. Jina lake limo katika Australodocus bohetii, dinosaria mwingine wa Tendaguru aliyetangazwa mwaka 2007.